Vita vya Kagera kwa Macho ya Kisumu: Kahawa, Mafuta na Barabara ya Kampala

Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, mji huu, ambao Waingereza waliuita Port Florence, ulikuwa ndani ya Uganda. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, serikali ya kikoloni ililikata Jimbo la Mashariki la Uganda, pamoja na Kisumu, Nakuru na Naivasha, ikaliunganisha na himaya yake ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Jambo hilo lililala kwenye makabrasha kwa zaidi ya miaka 70, mpaka Februari 1976, Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipolifukua na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, karibu mpaka mlangoni mwa Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Alidai pia vipande vya kusini mwa Sudan. Wengi walimcheka. Hata hivyo, miaka miwili na ushei baadaye jeshi lake lilivuka mpaka mwingine, ule wa kusini, na likaanzisha vita vilivyomwondoa yeye mwenyewe madarakani katika muda wa miezi isiyozidi sita.

Kisa ninachokichambua hapa ni vita hivyo vya Uganda na Tanzania vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo Watanzania huviita Vita vya Kagera. Kwa kawaida husimuliwa kutoka Dar es Salaam au kutoka Kampala. Mimi ninavitazama kutoka Kisumu, mji ambao haukupigwa hata risasi moja, kwa sababu ninaamini kwamba maswali mawili magumu ya kisa hiki hujibika vizuri zaidi ukisimama kando ya reli na ziwa kuliko ukisimama kwenye mahandaki. Swali la kwanza ni kwa nini jeshi lililokuwa na vifaru, ndege za kivita na washirika wenye mafuta lilivunjika upesi namna ile. La pili ni kwa nini mshindi alitoka vitani akiwa amefilisika karibu sawa na aliyeshindwa.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru, alipenda kusema kwamba yeye aliviona vita vya Amin miaka miwili kabla havijaanza, katika daftari la mabehewa. Nilipokuwa kijana niliyachukua maneno hayo kuwa majigambo ya mzee. Siku hizi siyachukulii hivyo.

Njia moja ya kuingilia

Uganda haina bahari. Karibu kila lita ya petroli, kila kipuri cha gari na kila gunia la chumvi lililotoka nje lilipanda kutoka Mombasa, likapita Nairobi na Nakuru, likafika Eldoret, kisha likaingia Uganda kupitia Malaba na Tororo. Tawi la reli la Kisumu lilileta mizigo mpaka gatini, ambako meli za kubeba mabehewa, MV Uhuru na MV Umoja, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1960, ziliyavusha kwenda Port Bell, Jinja, Musoma na Mwanza. Njia nyingine zilikuwepo kwenye ramani, lakini zilikuwa za gharama kubwa na za kuchosha. Mafuta yenyewe yalisafishwa Changamwe, hukohuko Mombasa. Mtawala yeyote wa Kampala alilazimika kuijali njia hii kama mgonjwa anavyoijali dripu yake.

Amin hakuijali. Madai yake ya Februari 1976 yaliwafanya makuli wa bandari ya Mombasa wagome kugusa mizigo ya Uganda, huku maandamano yakizuka katika miji ya Kenya. Mzozo huo ulipoanza kupoa, tarehe 4 Julai mwaka huohuo makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wao katika uwanja wa ndege wa Entebbe, wakaharibu ndege kadhaa za kivita za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa pale, na walipokuwa wakirudi kwao wakatua Nairobi kujaza mafuta. Hasira ya Amin iliwashukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na wengi waliuawa au kukimbia. Kenya haikutuma askari. Ilidai kwamba Uganda ilipe madeni yake na inunue mafuta kwa fedha inayokubalika, na mafuta yakapungua kwenda Uganda mpaka magari ya Kampala yakaanza kusimama. Mnamo Agosti pande mbili zikapatana, na mabehewa yakaanza kupanda tena.

Hayo ndiyo mjomba aliyoyaona kwenye daftari lake: wiki kadhaa ambazo matangi ya mafuta yalirundikana upande wa huku wa mpaka, kisha yakaachiliwa. Kwa mchambuzi, funzo la wiki hizo lilikuwa wazi kabisa. Jeshi la Uganda lilikuwa limeundwa kwa vifaru na magari ya deraya, yaani vyombo vinavyokunywa mafuta, ilhali bomba la kuyapitishia mafuta hayo lilikuwa mikononi mwa jirani aliyetishwa na kutukanwa. Mtu mwenye busara angejenga akiba au angetengeneza urafiki. Amin hakufanya lolote kati ya hayo, na kilichomfanya asione haja ya kufanya hivyo ni kahawa.

Kahawa iliyompa muda

Julai 1975 jalidi iliyateketeza mashamba ya kahawa ya kusini mwa Brazili. Bei ya dunia ilipanda mfululizo, na kufikia Aprili 1977 ratili moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola tatu, bei ambayo wakulima wa eneo hili hawakuwahi kuiota. Kwa Uganda hii ilikuwa neema iliyokuja wakati viwanda vyake vimekufa. Wafanyabiashara wa asili ya Asia walikuwa wamefukuzwa kwa notisi ya siku 90 mwaka 1972, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa maafisa wa jeshi na marafiki zao. Waganda waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sarufi angekipigia mstari mwekundu, lakini ambacho kila mtu alikielewa. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi viliporomoka. Pamba ilidorora. Kahawa ikabaki peke yake, ikileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nchi kutoka nje.

Fedha hizo zilifanya kazi moja kuu, nayo ni kuwaridhisha askari. Ndege zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikiwa zimebeba wiski, redio na saa za maafisa, wakati raia wa kawaida alikuwa akitafuta kipande cha sabuni.

Hapo ndipo magharibi ya Kenya inapoingia katika hesabu. Bodi ya serikali ya Uganda iliwalipa wakulima bei duni, tena kwa shilingi ambayo haikununua kitu kwa kuwa madukani hamkuwa na kitu. Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya kupikia na vitambaa. Mkulima wa Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, aliyatazama hayo na akafanya hesabu yake bila kuhitaji mchumi wa kumsaidia. Kahawa ikaanza kushuka usiku, kwa vichwa vya watu na kwa migongo ya punda, mpaka Chepkube katika wilaya ya Bungoma. Soko dogo la mpakani likageuka jina linalotajwa mpaka leo kila wazee wa huko wanapozungumzia nani alijengea nini na lini. Kwenye ziwa, mitumbwi na mashua za injini zilileta magunia kwenye ufuo wa Kenya. Wasamia, Wateso, Wabukusu na Wasabaoti wana ndugu pande zote mbili za mpaka, hivyo mlango haukuwa wa kuvunjwa; ulikuwa wa kugongwa tu.

Amin alijibu kwa kuamuru wafanya magendo wapigwe risasi, na akaunda kikosi cha kupambana na magendo ziwani, kilichoongozwa na Mwingereza Bob Astles. Watu walikufa, lakini kahawa haikuacha kutoka. Mtu anaweza kuzuia genge la wezi, ila si rahisi kuwazuia wakulima wa nchi nzima wanaokwepa kuibiwa na serikali yao. Kila gunia lililofika Chepkube lilikuwa gunia ambalo halikuingiza dola katika hazina ya Kampala. Sidai kwamba Chepkube ilimwangusha Amin. Ninachodai ni kwamba ilimnyima akiba katika mwaka pekee ambao angeweza kuiweka.

Kwa maana neema haikudumu. Baada ya kilele cha mwaka 1977 bei ilianza kuteremka. Mwaka 1978 makampuni makubwa ya Marekani, nchi iliyokuwa ikinunua karibu theluthi ya kahawa ya Uganda, yalianza kujitoa kwa shinikizo la umma, na mnamo Oktoba mwaka huo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia biashara na Uganda. Katika mwezi huohuo, ndani ya kambi za Uganda, askari walikuwa wakiasi. Kuna wanaosema kwamba Amin alivamia Tanzania kwa sababu ya wazimu. Tarehe zinaonyesha mtu aliyekuwa na jeshi lisilolipika na lililogawanyika, akatafuta mahali pa kulielekeza.

Kagera: kosa la daraja

Uhasama wa Amin na Julius Nyerere ulikuwa wa zamani. Nyerere alimpa hifadhi Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin tarehe 25 Januari 1971, na mwaka 1972 wakimbizi wa Uganda walijaribu kuvamia kutoka Tanzania wakashindwa vibaya. Mkataba wa Mogadishu wa mwaka huo uliwataka wote wawili waondoe majeshi yao mpakani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, askari wa Amin, wakiwa baina ya elfu mbili na tatu, waliingia katika eneo lililo kati ya mpaka na mto Kagera, kaskazini mwa Bukoba. Tanzania ilikuwa na askari wachache mno pale. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,840, sasa lilikuwa la Uganda. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, wanawake wakabakwa, na raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 wakauawa. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka, lililovuka mto Kagera, likavunjwa kwa baruti, baada ya ndege kushindwa kulilenga.

Naliona daraja hilo kuwa ufunguo wa sehemu yote ya kijeshi ya kisa hiki. Anayevunja daraja lililo mbele yake anajitangaza kwamba hana nia ya kwenda mbele zaidi. Amin alikuwa ameteka ardhi, amepora, na sasa alitaka mto uwe ukuta wake, akimwachia adui muda wote aliouhitaji kujipanga. Askari wake walitumia wiki hizo kusafirisha mabati, matrekta na mifugo. Hakuna mahandaki ya maana yaliyochimbwa. Amin mwenyewe alipendekeza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa kupigana ndondi, Muhammad Ali akiwa refa.

Nyerere aliwaambia Watanzania mnamo tarehe 2 Novemba kwamba kazi ilikuwa moja tu, kumpiga, na kwamba uwezo, sababu na nia walikuwa navyo. Sababu na nia hazikuwa na shaka. Uwezo ulipaswa kutengenezwa haraka, na jinsi ulivyotengenezwa ndiko inakoanzia ankara ya gharama nitakayoifikia baadaye. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo kabla ya vita halikufika watu 40,000, lilipanuliwa kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa mpaka likapita 150,000 kwa makadirio ya kawaida. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa. Mizigo ilisafiri kwa reli ya kati hadi Mwanza, ikavushwa kwa meli hadi Bukoba, kisha ikaingia kwenye barabara za tope. Njia ya mkato kupitia Kenya haikuwepo, kwa sababu Tanzania ilikuwa imeufunga mpaka wake na Kenya tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika. Tanzania ililazimika kupigana vita vyake kwa njia ndefu, tena kwa mikono yake yenyewe.

Kabla ya mwaka kwisha, operesheni iliyopewa jina la Chakaza ilikuwa imewarudisha Waganda nyuma ya mpaka katika sehemu kubwa ya eneo lililotekwa, na mto ukavukwa kwa daraja la muda. Kilichowatisha zaidi askari wa Amin kilikuwa makombora ya kurushwa kwa mfululizo kutoka kwenye lori, ambayo Waganda waliyabatiza jina la saba saba kutokana na mlio wake. Silaha ile iliua, lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuwafanya watu wakimbie kabla hawajaguswa.

Kutoka Mutukula mpaka Lukaya

Januari 1979, Tanzania ilikuwa imeikomboa ardhi yake, na vita vingeweza kuishia hapo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya uenyekiti wa Jaafar Numayri wa Sudan, ulitaka pande mbili zisimamishe mapigano, huku Nyerere akitaka kwanza mchokozi alaaniwe kwa jina. Hakulaaniwa. Tarehe 21 Januari Watanzania wakaushambulia mji wa mpakani wa Mutukula, wakauteka na kuubomoa. Mwishoni mwa Februari wakaingia Masaka na Mbarara, na huko nako majengo mengi yakalipuliwa kulipiza Kagera. Wasimuliaji wa Kitanzania hulipitia jambo hilo upesi. Mimi siwezi, kwa sababu watu wa Masaka hawakuivamia Kagera, na maduka yaliyolipuliwa pale yalikuwa sehemu ya uchumi ambao muda si mrefu ungekuwa mzigo wa washindi wenyewe.

Umbali wa kutoka Mutukula mpaka Kampala ni kama kilomita 220. Askari wengi wa Tanzania walizikamilisha kwa miguu. Mwendo huo wa polepole umedhihakiwa na baadhi ya waandishi, lakini jeshi linalotembea kwa miguu haliwezi kukwamishwa na ukosefu wa mafuta. Upande wa Amin mambo yalikuwa kinyume: askari wake walipigana kandokando ya barabara, wakiwa ndani ya magari au karibu nayo, na barabara ilipokatwa nyuma yao walichanganyikiwa.

Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, aliamua kumwokoa rafiki yake Amin. Alituma askari wapatao 2,500, pamoja na vifaru na mizinga, na tarehe 10 Machi 1979 Walibya na Waganda walikutana na brigedi ya 201 ya Tanzania huko Lukaya, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Masaka na Kampala, mahali ambapo njia imejengwa juu ya kinamasi. Brigedi hiyo ilikuwa na mgambo wengi wasio na uzoefu. Ilivunjika na kukimbia. Usiku huo barabara ya Masaka ilikuwa wazi, na kama washambuliaji wangeendelea, huenda simulizi hii ingekuwa nyingine. Hawakuendelea. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka kwa kupitia porini, iliwatokea kwa nyuma, huku ile ya 201 ikiwa imekusanywa na kurudishwa mbele. Walibya walikufa kwa mamia katika nchi ambayo wengi wao hawakujua iko wapi. Inasemekana baadhi yao waliambiwa wanakwenda mazoezini.

Lukaya linaonyesha tofauti iliyokuwa ikijificha chini ya hesabu za silaha. Brigedi ya 201 ilikimbia lakini iliweza kukusanywa, kwa sababu kulikuwa na maafisa waliofahamiana, chakula nyuma, na sababu ambayo kila mgambo aliyetoka kijijini aliielewa. Jeshi la Amin lilikuwa kundi la watu waliokuwa wakilipwa, nalo lilipokosa kulipwa likawa kundi la watu wanaotafuta njia ya kwenda nyumbani. Wengi walitoka Nile Magharibi, Sudan na Zaire. Kwao Masaka ilikuwa ugenini vilevile.

Huku kwetu, siku chache kabla ya Lukaya, wapiganaji wa upinzani waliotokea upande wa Kenya waliushambulia mji wa Tororo, hatua chache kutoka Malaba, na baadhi ya askari wa kambi ya pale wakaungana nao. Vikosi vya Amin viliukomboa mji. Kenya ya Daniel arap Moi, aliyekuwa na miezi michache tu Ikulu baada ya kifo cha Jomo Kenyatta tarehe 22 Agosti 1978, ilitamka kwamba haimo katika ugomvi ule. Lakini Tororo ndiko reli inakoingilia Uganda, na shambulio hilo, ingawa lilishindwa, lilimlazimisha Amin kugawa vikosi wakati alipovihitaji Lukaya.

Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yake yakaua swala katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Tanzania ikajibu kwa kuyalenga maghala ya mafuta nchini Uganda. Naitaja jozi hii kwa sababu ni mara chache vita huonyesha kwa uwazi namna hii ni upande upi ulioelewa udhaifu wa mwenzake.

Mkutano wa Moshi wa tarehe 24 hadi 26 Machi ulizikusanya jumuiya za wakimbizi wa Uganda chini ya chama kimoja, UNLF (Uganda National Liberation Front), na Yusuf Lule akachaguliwa kuongoza. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili, na Kampala tarehe 11. Watanzania hawakuifunga barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Nyerere alitaka Walibya wapate mlango wa kutokea, ili Gaddafi asione kwamba ameaibishwa kupita kiasi. Uamuzi huo wa kidiplomasia ulikuwa na hekima yake, lakini barabara iliyoachwa wazi ilielekea kwetu: askari waliokuwa wakikimbia waliyapora magari ya watu njia nzima, na Busia na Malaba zikapokea raia, watoro na maafisa waliovua sare. Bob Astles alivuka ziwa akaingia Kenya, akakamatwa na kurudishwa Uganda. Tarehe 22 Aprili Jinja ilichukuliwa, na bwawa la Owen Falls, lililokuwa likiiuzia Kenya umeme tangu miaka ya 1950, likapatikana likiwa zima. Mapema Juni Watanzania wakafika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha.

Ankara

Tanzania ilipoteza askari 373 kwa hesabu yake rasmi, na wengi wa hao walikufa kwa ajali na maradhi. Waliouawa na adui vitani walihesabiwa kuwa 96. Kwa vita vya namna ile ni idadi ndogo. Gharama ya fedha ndiyo iliyoua polepole. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500, nazo zilikuwa fedha za kigeni katika nchi iliyokuwa ikiuza kahawa, pamba, katani na korosho kwa bei zilizokuwa zikishuka, huku mapinduzi ya Iran ya mwaka uleule wa 1979 yakipandisha bei ya mafuta kwa kasi. Malori yaliyochukuliwa vitani hayakuwepo kusomba mazao. Kuvunjika kwa Jumuiya kulikuwa kumeilazimisha Tanzania kununua ndege, vichwa vya treni na mitambo ya simu yake yenyewe. Nchi za Afrika zilizofurahia kuondoka kwa Amin hazikuchangia kitu cha kutajwa, ukiiacha Msumbiji, iliyotuma batalioni moja, na wachache wengine waliotoa silaha.

Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaongezeka ikawa miaka. Jeshi lake lilibaki Uganda hadi mwaka 1981, kwa kuwa Lule aliondolewa Juni 1979 baada ya siku 68, Godfrey Binaisa akaondolewa mwaka uliofuata, na Obote akarudi Desemba 1980 kwa uchaguzi uliozua vita vingine vya msituni.

Nimesikia ikisemwa kwamba Nyerere angesimama Mutukula. Kwa hesabu ya fedha peke yake, ndiyo, angesimama. Amin hata hivyo angejipanga upya akiungwa mkono na Libya, na Tanzania ingelazimika kuweka jeshi la makumi ya maelfu Kagera kwa muda usiojulikana, gharama ambayo haionekani kwenye ankara kwa sababu haikutokea. Uamuzi wa kwenda Kampala nauona sahihi. Kosa lilikuwa kwenda bila kumwambia mtu yeyote mapema, awe mfadhili, jirani au Waganda wenyewe, kwamba atapelekewa sehemu ya deni.

Kwa Kisumu, athari ilichelewa na ilikuwa ya kimya. Chepkube ilizimika bei ya kahawa ilipoanguka. Magendo yakageuza uelekeo: sabuni, kanga na mafuta ya kupikia ya viwanda vya Kenya vikaanza kuingia Tarime na Musoma kwa mitumbwi na kwa njia za panya za Isebania, kuwafikia Watanzania waliokuwa wakipanga foleni madukani. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwafungulia mashtaka wahujumu uchumi, na nafikiri baadhi ya watu wa fukwe zetu walijua majina ya washtakiwa vizuri zaidi kuliko waendesha mashtaka. Mwaka 1986 Tanzania, chini ya Ali Hassan Mwinyi, ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo Nyerere alikuwa ameyakataa kwa miaka mingi.

Gati la Kisumu lenyewe halikuwa na mabehewa ya Mwanza ya kupakia. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifunguliwa tena Novemba 1983, na Mei 1984 marais watatu walitia saini Arusha mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya, uliosimamiwa na Mswisi Victor Umbricht. MV Uhuru ikabaki Kenya na MV Umoja ikabaki Tanzania. Uganda ilijinunulia meli tatu za mabehewa za kwake katika miaka hiyohiyo ya 1980. Moja ikaitwa Kabalega, nyingine Pamba, na ya tatu Kaawa, ambayo kwa Kiswahili ni kahawa.